Upepo wa Watamu na Ng'ombe wa Molo

Mwaka huu niliacha kutazama hali ya hewa ya kwetu. Ya Molo naijua nikiwa nimefumba macho: ukungu mpaka saa nne, jua kidogo la kuonjeshwa, halafu mvua. Nilichokuwa natazama kila alfajiri, kabla sijaweka miguu chini, ni upepo wa Watamu. Kwenye simu upepo huonyeshwa kwa rangi. Kijani ni wa wanaojifunza, manjano ni wa walioshika, nyekundu ni wa wenye kiburi. Mwezi wa saba wote Watamu ilikuwa ya manjano, na mimi nilikuwa juu ya kigoda cha kukamulia, sweta mbili mwilini, kichwa nimekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, na roho yangu haikuwa hapo hata kidogo.

Nilikuwa nimechoka kukaa. Kazi haikuwa imenichosha, kazi naiweza. Nilikuwa nimechoka kukaa mahali pamoja. Nikipika nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kanisani nilitafuta kiti cha nyuma, karibu na njia ya kutokea, na mahubiri yakirefuka mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe mpaka jirani ananiwekea mkono gotini. Watu walidhani nina shida ya neva. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniletea majani ya kuchemsha, nikanywa, na mguu ukaendelea kucheza.

Huko Watamu niliwahi kuishi. Nilikuwa kwenye miaka ya ishirini, nikifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, na dada mmoja wa jikoni, mzaliwa wa hukohuko, alinifundisha kupanda ubao wa tanga. Kulikuwa na ubao ambao mgeni fulani aliuacha asirudi kuuchukua. Tukimaliza zamu tunaupeleka majini, yeye akiwa ameshika mimi nikianguka. Nilianguka msimu mzima. Mtu wa Molo na maji ni watu wasiojuana. Sisi maji yetu ni ya kuoga, na hata hayo tunayachemsha. Halafu siku moja nikavuta tanga, likajaa, ubao ukaondoka, na mimi nikaenda nao. Nilicheka mpaka nikameza bahari. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa na kuachika katikati.

Nilirudi nyumbani kumzika mama, nikabaki. Hakuna aliyenilazimisha. Baba hakusema baki, hakusema nenda. Kulikuwa na ng'ombe ambao mama ndiye alikuwa akiwakamua, na jioni ya mazishi walikuwa wanalia, kwa hivyo nilivua nguo za mazishi nikaenda kuwakamua. Nimekuwa nikiwakamua tangu siku hiyo.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimeanza, rafiki yangu wa jikoni alipiga simu. Siku hizi hakai jikoni. Ana kibanda chake mwenyewe ufukweni na anafundisha watalii kucheza na kaiti, ule mchezo ambao tiara kubwa huwa juu angani, kamba zake zimeshikana na mshipi kiunoni mwako, na wewe chini uko juu ya ubao ukivutwa.

"Shoga, umri huu unaupeleka wapi?" aliniuliza. "Njoo mwezi wa nane, upepo wa kusi umekaza. Tanga ulishalijua. Huku ni upepo uleule, ila huu unakunyanyua."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka. Kwani zamani ulikuwa huanguki?"

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kupanga. Nilipanga nikichambua maharagwe, nilipanga nikipanga foleni ya kusaga mahindi kwenye posho mill. Basi mpaka Nairobi, treni mpaka Mombasa, kisha gari la kwenda juu kupita Kilifi. Wiki mbili. Siku za kwanza kwa tanga ili mwili ukumbuke, halafu kaiti. Nilikuwa na tanga la ule ubao wa zamani, nililibeba siku ile nikirudi kwa mazishi, sijui kwa nini, mtu hubeba vitu. Nilienda kulitazama kwenye stoo ya mbegu za viazi na kukuta panya wamelitoboa matundu makubwa kama mlango na dirisha. Nikalipeleka Nakuru kwa fundi wa maturubai, yule anayeshona vifuniko vya malori. Alilitandaza chini, akalizunguka mara mbili.

"Hii ni ya lori gani, mathe?"

Nilimwambia si ya lori, ni ya kusukumwa na upepo. Alinitazama, akatazama tena kile kitambaa chenye dirisha la plastiki, akasema atashona tu, lakini kama ni kazi ya upepo ataweka kiraka kizito. Nilimwomba asiweke kizito. Akaniambia hajawahi kuona turubai likilalamika kuwa limeshonwa vizuri sana.

Rafiki yangu naye alinitumia kwa basi tiara ndogo ya mazoezi, nizoee kamba kabla ya kuja. Shamba la chini tulikuwa tumeshavuna viazi, likawa uwanja wangu. Kila alasiri baada ya chai nilikuwa nateremka na gumboot, natandaza kamba juu ya mabaki ya majani makavu, nangoja. Upepo wa kwetu hauna adabu. Hautoki upande mmoja ukakaa. Unakuja kwa kuruka kutoka upande wa msitu wa Mau, unakupiga kofi, unanyamaza, halafu unakuja tena kutoka nyuma. Siku ya kwanza tiara iliniburura kwenye matuta mpaka nikatia kichwa kwenye kabeji za jirani. Nikainuka nikiwa na udongo mdomoni, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi.

Jirani hakufurahi, ila hakukasirika kwa sababu ya kabeji. Alikuja na wenzake wawili wakasimama kwenye ua, kisha akauliza kwa heshima nyingi kama hicho kitu kinapima mashamba. Kwetu kitu kikipita juu ya shamba la mtu lazima kieleze kimetumwa na nani. Niliwaeleza ni mchezo. Wakasema sawa. Kesho yake walikuwa watu wengi zaidi kwenye ua, na mzee mmoja alikuwa amebeba hati ya shamba ndani ya koti.

Baba pia alikuwa anatazama, lakini yeye alijifanya anakagua nguzo za ua. Alikagua nguzo moja wiki nzima.

Baba si mtu wa maneno laini. Ni mkali, anapenda redio kuliko watu, na akiamua kwamba chai haina majani haitakuwa na majani hata ukiipika upya. Mimi ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo hata akinikaripia hunikaripia kwa jina la heshima. Nilimweleza mpango wangu jioni moja akiwa anatafuta taarifa ya habari kwenye redio.

"Enda," alisema bila kugeuka. "Nani amekukataza?"

"Na ng'ombe?"

"Hiyo sasa ni maneno ingine."

Maneno mengine kweli. Wale wawili wadogo hawana neno, mtu yeyote akija na ndoo watampa. Shida ni yule mkubwa wa madoa, ambaye ndiye karibu maziwa yetu yote. Katika boma la baba kuna sheria ambayo aliikuta kwa mama yake na hajaiondoa: ng'ombe ana mkono wake. Anayemkamua akizaa ndama wa kwanza ndiye atamkamua mpaka azeeke, na mwingine hamgusi, kwa imani kwamba hivyo anatulia na maziwa yanakuwa mengi. Ni kweli yanakuwa mengi. Lakini ng'ombe anakuwa amefunga ndoa. Yule wa madoa anaijua kabuti yangu ya kukamulia, anaijua leso ninayofunga kichwani, na anataka niimbe, wimbo mmoja wa kanisani, tena ubeti wa kwanza tu maana ndio ninaoukumbuka. Bila hivyo haachilii. Anasimama hapo ametulia kabisa, anakutazama, na maziwa anayafunga. Ukilazimisha, kiwele kinavimba na unaita daktari.

Nilileta mama jirani ajaribu nikiwa karibu. Ndoo yake ilipigwa teke. Nikamleta tena nikiwa nimejificha nyuma ya stoo, akakamua kikombe kimoja na kuniambia ng'ombe huyu ana dharau. Nikasogeza safari kutoka mwanzo wa mwezi hadi katikati. Nikasogeza tena. Rafiki yangu alikuwa ananitumia video za upepo, mawimbi yakiwa na povu, tiara nyekundu na za bluu zimetapakaa angani, na chini yake ameandika tu, "Unakuja?" Nilikuwa nazitazama nikiwa kwenye kigoda. Nilianza kumchukia mnyama ambaye hajanikosea kitu. Nilimwambia sikioni, kwa tuni ya ule wimbo, kwamba angekuwa mtu ningemhama, na yeye akaachilia maziwa vizuri kabisa.

Kwa baba nilikuwa na hasira nyingine, ya chini kwa chini. Niliona amenifunga kwa ng'ombe kwa makusudi. Anasema enda, huku anajua siwezi. Kila akisema "enda" nilikuwa nasikia mtu anayefungua mlango wa mbele akiwa ameshika kufuli la geti. Nilimjibu kwa mkato. Nilimwekea chai mezani bila kumkaribisha.

Siku niliyokwenda Nakuru kuchukua tanga kwa fundi, baba aliniambia nisiharakishe. Nilishangaa, kwa sababu yeye huniharakisha hata nikienda chooni. Fundi alikuwa ameweka kiraka cha kijani cha lori, kizito kama nilivyomkataza, na ninakubali kilikuwa kimekaa. Kurudi, lori la viazi lilikuwa limelala barabarani kwenye mlima, magari yamefungana pande zote. Saa ya kukamua ikanikuta hapo. Nilikaa ndani ya gari bila la kufanya, akilini nikiona kiwele kikivimba, daktari akija, na safari ikifa kifo cha mwisho. Niliposhuka kituoni nilikimbia na tanga begani.

Nilisikia wimbo kabla sijafika bandani. Ubeti wa kwanza, ukiimbwa kwa pua, sauti nyembamba ya kulazimisha, na maneno yote yakiwa mahali pasipo pake.

Nikachungulia. Baba alikuwa kwenye kigoda changu. Alikuwa amevaa kabuti yangu, haikumfunga kifuani, na kichwani amejifunga leso yangu kwa fundo la nyuma kama ninavyofunga mimi. Ndugu msomaji, baba yangu ni mzee wa kanisa. Kwa wazee wa rika lake kukamua ni kazi ya akina mama na watoto. Mwanamume anamiliki ng'ombe, anamuuza, anamsifu, kukamua hakamui. Na hapo alikuwa ameinama, magoti yake mabovu yamepanuka, na maziwa yalikuwa yanaingia kwenye ndoo kwa sauti nzuri.

"Baba," nikasema.

Ng'ombe akageuza kichwa. Maziwa yakakatika palepale.

"Toka," baba alininong'oneza kwa ukali. "Toka huko. Utamchanganya."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya stoo nikiwa nimelikumbatia tanga, na sijui niseme nilihisi nini kwanza. Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia pia, na katikati ya hayo nilisikia wivu wa ajabu, kwamba mtu mwingine ameketi mahali pangu na ng'ombe amekubali.

Alipotoka alikuwa ameshavua leso na kuificha mfukoni. Aliniambia amekuwa akijifunza kila alasiri nikiwa kule chini na tiara yangu, akianza na wale wawili wadogo. Ile nguzo ya ua alikuwa akiishika kidogo tu, akihakikisha nimeanza, halafu anapanda bandani.

"Na ukisikia mtu akisema aliniona na kitambaa kichwani," alimaliza, "jua ni wewe umesema."

Baada ya siku chache ndoo yake ilikuwa inajaa kama yangu. Sikuwa na kizuizi tena, na hapo ndipo nilipoanza kuumia vizuri. Nilivumbua sababu. Nilisema tangi la maji linavuja. Nilisema dawa zake za presha zinahitaji mtu wa kumkumbusha. Nilisema kuna mbegu za kuchagua. Usingizi ukanipotea, chakula kikanishinda, nikawa nazunguka uwanja nikiokota vijiti visivyo na kazi. Baba alinivumilia, halafu akaacha kunivumilia.

"Mama, hiyo tangi imevuja tangu mwaka jana," alisema. "Haikutobolewa na Watamu. Sasa unaogopa nini? Maji?"

Tulikuwa tunachagua viazi vya kumpelekea rafiki yangu, kwa sababu baba alikuwa ameamua kwamba mtu hatoki Molo kwenda kwa watu mikono mitupu. Vikubwa upande huu, vilivyokatwa na jembe upande ule.

"Maji siyaogopi," nikasema. "Naogopa nikifika nitakataa kurudi."

Sikujua ni hilo mpaka lilipotoka mdomoni. Nilijijua. Nilikumbuka namna nilivyokuwa kule, mwili mwepesi, kila asubuhi ina kitu. Huku nina baba ambaye magoti hayamsaidii, nyumba yenye kikohozi kimoja na redio moja. Nikionja tena, nani atanirudisha kwenye kigoda?

Baba aliweka kiazi kwenye gunia, akachukua kingine, akakitazama pande zote kwa muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji.

"Hata mimi naogopa hiyo," akasema. "Tangu mama yako. Nilikuwa nangoja useme unaenda, na hukusema, na mimi nikanyamaza kwa sababu ilikuwa inanifaa." Akaweka na kile kiazi. "Lakini sasa nimejua kukamua."

Yeye alishona mdomo wa gunia, mimi nikakata tiketi ya treni kwa simu, mikono ikiwa na udongo, na nilikosea namba mara kadhaa. Tanga lenye kiraka cha lori lilibaki stoo, kwa sababu viazi vilichukua nafasi yake. Rafiki yangu alisema afadhali viazi, matanga kwake yamejaa.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Gari la kwenda Nairobi halingoji, na saa yake ndiyo saa ya kukamua. Hilo tulikuwa tumelipangia: gunia lilikuwa limepelekwa barabarani mapema kwa baiskeli ya jirani, na mimi nilitakiwa nipite nyuma ya banda bila kusema neno, maana ng'ombe akisikia sauti yangu angefunga, na siku ya kwanza ya peke yao ingeharibika. Usiku tulikuwa tumekula na kulala kama kawaida. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake ayaseme asubuhi yale ya kusemwa, na asubuhi ilipofika haikuwa na nafasi ya sauti.

Nilisimama nyuma ya mbao. Kupitia upenyo niliona leso na mgongo wa kabuti. Alikuwa anaimba ule ubeti kwa pua. Nilitaka baraka yake, nilitaka aniwekee mkono kichwani kama anavyofanyiwa mtu anayekwenda mbali, na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Gumboot yangu ilipiga jiwe. Maziwa yakakawia kidogo kuingia ndooni, kidogo tu, na wimbo ukatetemeka, kisha akaushika tena na kuendelea, kwa sauti kubwa zaidi, bila kugeuka. Hakuweza kuongea kwa sauti yake. Mimi sikuweza kuongea kwa yangu.

Nikaenda. Nilitembea kwa vidole mpaka getini, nikalifungua kwa kulinyanyua lisilie, nikateremka njia ya matope nikiwa nimebana midomo kana kwamba ng'ombe angenisikia mpaka huko chini. Nilipofika lami ndipo nilipopata sauti. "Baba, naenda," nikasema kwenye ukungu, "na nitarudi." Nikalirudia hilo la mwisho mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza halikunitoka kama neno la mtu anayeliamini.